Kwa Ngoma Iliyobaki Forodhani

Engalabi, mwenzangu mrefu,
leo ni miezi saba tangu yule kijana wa glavu za samawati
akubinue, akunuse, afungue kitabu cha picha
mpaka akafika penye kenge.
Aliweka kidole pale kama mtu aliyemtambua mwizi.
Ngozi hii ina kibali?
Nikamwambia ina vigingi ishirini na viwili,
na kila kimoja nimewahi kukigongelea kwa mkono wangu.
Akanipa karatasi. Nikatia sahihi: Kawudha Nangobi.
Nikapanda ndege mikono mitupu,
magoti yangu hayana la kubana.

Wajua nilivyokupata. Mpambire, kando ya barabara ya Masaka,
vumbi la malori na harufu ya ngozi zilizowambwa juani.
Fundi Ssemugabi akauliza, ngoma ni ya kaka yako?
Nikasema, ni ya kaka yangu.
Sina kaka. Nina pacha, Babirye,
naye hucheka kila nikisimulia:
basi kaka ndiye mimi.

Tumekula arusi ngapi, wewe na mimi?
Kwanjula ya Bugiri, bwana harusi kachelewa saa tano.
Matanga ya Kamuli, mlevi mmoja akakukumbatia
akakulilia kifuani akidhani wewe ndiye marehemu.
Gulu tulilipwa gunia la ufuta.
Kabale baridi ilikulegeza, nikakuotesha moto jikoni kwa watu
katikati ya masufuria, tukanukia viazi usiku kucha.
Malipo ya Jinja yalisemekana yako njiani;
njia hiyo siijui mpaka leo.

Uniulize nimebakiwa na nini:
kidole cha kati kisichokunjika asubuhi,
sikio la kushoto linalovuma kama friji,
pasipoti iliyoshiba mihuri,
na, Jumatatu hadi Ijumaa, darasa la sita, Magamaga.

Huko nafundisha kwa madumu ya mafuta.
Siwapi watoto hesabu. Nawapa chakula:
muhogo, muhogo, muhogo na chai,
muhogo, muhogo — chai iko wapi?
Balikowa hukosea kila siku palepale,
huingia kabla ya chai, nusu pigo,
kama mtu anayebisha hodi akiwa ameshaketi.
Nilimsahihisha muhula mzima.
Juzi nikanyamaza, nikasikiliza.
Kosa lile lina nyonga. Kosa lile linacheza.
Nikaenda nyuma ya darasa nikalijaribu pajani
taratibu, mwalimu mkuu asinione.

Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu.
Wewe ulivuma miaka kumi na tisa;
kilichokunyamazisha si mvumo, ni muhuri.
Walisema pia ngoma ya watoto haikeshi.
Hao hawakuwahi kulala jirani na bweni letu Jumamosi.

Nakuwaza kwenye rafu huko Ubelgiji,
kati ya pembe na magamba ya kobe
na mkoba wa mamba wa mama wa watu.
Baridi ikiingia unalegea.
Wakiwasha joto unakaza, huwezi kujizuia,
na usiku, bila mkono wa mtu,
ngozi yako inatoa mlio mmoja mfupi.
Mlinzi anainua kichwa.
Haoni kitu. Anarudi kwenye simu yake.

Sikiliza. Ukilia tena, usingoje zamu,
usingoje chai.
Ingia mapema, nusu pigo, kama Balikowa.
Mimi nipo dirishani, Magamaga,
mkono nimeuweka tayari juu ya paja.