Sekunde Arubaini na Nane

Kifurushi kimefika Posta ya barabara ya Digo,
kimefunguliwa na forodha, kimefungwa tena kwa utepe wa manjano.
Kadzo wa dirisha la tatu anakigeuza chini juu:
"Sinema? Sinema gani hizi? Si chafu?"
Ni za mwaka thelathini na mbili, namwambia.
Anacheka. "Basi hata uchafu wake umeshakauka."
Nalipa ushuru, natia sahihi,
naondoka na diski nne kwapani kama mwizi wa mikate.

Nyumbani Kibokoni kabati la vyombo halina vyombo tena.
Mke wangu alihamisha sahani mwaka wa kwanza,
vikombe mwaka wa pili.
Bakuli la harusi akasema hili halihami, na halikuhama:
limekaa kati ya wajane wawili wa Holiwudi
na tapeli mmoja mwenye masharubu.

Nawakusanya wale wa kabla ya makasi.
Ni miaka michache tu, sauti ilipokwisha kuingia kwenye picha
na fundi wa adabu hajafika bado,
wanawake walipokalia meza ya bosi
wakavuta sigara
na wasiadhibiwe mwisho wa hadithi.

Lakini sikuanza kwa hao. Nilianza kwa Bi Mize,
nyanya yangu, na Jumatano zake za alasiri,
zamu ya wanawake,
mabuibui safu kumi na mbili, karanga, watoto wa kunyonya,
na Ami Shekuwe kule juu akiendesha mtambo
kwa sharti asichungulie chini.
Picha zilifika huku zimechakaa,
zimepita bandari saba,
na hapa tena palikuwa na afisa, naye ana makasi yake.

Siku moja mwanamke wa gauni la fedha anapanda ngazi.
Mwanamume yuko juu, mkono kwenye kitasa.
Anapanda. Anapanda.
Pah! weupe,
na mwanamke yumo garini, peke yake, anacheka.

Miaka sitini walibishana juu ya weupe ule.
Bi Mize: alimwibia, hukuona mkoba ulivyovimba?
Mwanamkuu: aliolewa humo humo, akaachika humo humo.
Khole: alimuua. Mtu hacheki vile bure.
Waliozeana watoto, wakazikiana waume,
na kila hitima, chai ya pili ikimiminwa,
mmoja husema, "Lakini yule wa ngazi..."

Leo ninazo. Sekunde arubaini na nane
zilizokutwa ndani ya mkebe wenye kutu,
katika mji ambao ulimi wangu hauwezi kuutaja,
zikasafishwa picha moja moja
kama mchele wa pilau unavyochaguliwa mawe.
Nazima taa. Feni inagonga.
Anapanda. Anapanda.
Weupe hauji.

Anaketi kwenye kipandio cha tisa.
Anavua kiatu, anakikung'uta, kokoto inadondoka.
Naisikia: ti.
Anamtazama yule bwana bila hasira,
kama mtu anayesoma bei.
"Sitaki," anasema. "Nilidhani nataka."
Anavaa kiatu. Anashuka.

Ndilo hilo?
Narudisha. Kokoto. Ti. Sitaki.
Narudisha tena.
Afisa mzima, na kalamu yake, na makasi yake, kwa hilo.

Bi Mize yuko Kikowani mwaka wa kumi na moja,
Mwanamkuu safu ya nyuma yake.
Amebaki Khole, miaka themanini na tisa, macho yamekwisha.
Nampigia simu. Namsimulia kiatu, kokoto, neno.

Kimya. Nasikia tasbihi, punje kwa punje.
"Urongo," anasema.
"Alimuua. Mimi nilikuwako.
Hiyo yako ndiyo iliyokatwa."