Jiwe Jeusi la Isamilo

Gari lilikuwa na siku kumi na moja.
Viti bado vimevaa nailoni,
na weusi wake, Mungu wangu,
weusi wa maji ya kisima ukiinama kuyachungulia:
unajiona, na mawingu yako nyuma yako.

Bwana Tungaraza aliniuliza mapema, kama watu wenye akili:
Minza, nilitunzeje?
Nikamwambia, hiyo unayoiona si rangi.
Ni vanishi, nyembamba kuliko ganda la kitunguu,
na ukishaimaliza hainunuliwi kwa kilo.
Ndoo mbili: moja ya sabuni, moja ya kusuuzia mchanga.
Anza na paa, magurudumu yawe ya mwisho.
Vumbi kavu usilifute hata siku moja,
vumbi la Mwanza ni mawe haya haya, yamesagwa tu.
Korongo akikunyea, usingoje Jumapili.
Na wale wadudu wa ziwani, wakija kama moshi
wakafia kwenye boneti, walowanishe kwanza, wabembeleze,
maana wakikauka wanang'ang'ania kama deni la dukani.

Aliandika yote nyuma ya risiti.
Kuhusu mama mkwe sikumwambia kitu.

Bi Nyangeta alivuka kutoka Ukara
na ndoo ya dagaa ambao jua la safari halikuwamaliza.
Aliamka kabla ya watu, akatafuta mwamba.
Kwao mwamba ni sahani, ni kitanda, ni uwanja:
uwele hukaukia pale, na muhogo, na nguo,
na mtoto mchanga huoteshwa jua pale.
Isamilo mawe si haba,
lakini yana kuta, yana mbwa, yana wenyewe.
Akaliona moja uani,
jeusi, laini, limeshaanza kupata moto,
halina hata sisimizi.

Akalifagia kwanza.
Kwa ufagio wa uani.

Kisha akawatandaza kwa kiganja,
nusu duara, na nusu duara nyingine,
kama mama yake alivyomfundisha.

Niliitwa saa nne.
Tungaraza kakaa kizingitini, hasemi.
Mkewe yuko jikoni, anacheka ndani ya kanga.
Bi Nyangeta akanikaribisha dagaa.

Niliosha mara tatu. Magamba yakatoka, mafuta yakatoka.
Nikapitisha udongo laini mpaka kidole kikateleza bila neno.
Tukalisukuma kivulini, nikawasha taa,
mikwaruzo ikasimama yote.
Haikuwa ovyo kama ya watoto wenye kokoto.
Upinde kwa upinde, mkono mmoja usio na haraka,
kama mstari ambao wimbi dogo huuacha mchangani likirudi.
Miaka tisa napiga polishi,
sijaona uharibifu wenye adabu namna ile.

Nikauliza: nifute zote?
Akamtazama bibi, aliyekuwa akiwageuza dagaa juu ya bati
na kulalamika kwamba bati halina moto wa jiwe.
Futa zote, akasema. Nimelilipia miaka minne.

Nikafuta.
Mashine polepole, polishi tone la njegere,
usiikandamize, uzito wake unaitosha.
Gusa kwa mgongo wa mkono:
boneti ikichemka, acha, kanywe maji.
Halafu nta, nyembamba,
nyembamba mpaka udhani hujapaka.
Jioni boneti ilibeba Isamilo nzima kichwa chini:
mawe, nyumba juu ya mawe, waya za umeme,
na korongo mmoja akipita bila nia mbaya.

Akanilipa, hakuomba punguzo.
Akaingia, akawasha injini, akafungulia kipoza hewa.
Akanyamaza. Akashusha kioo.
Minza, hebu njoo unuse.

Nikaingiza kichwa.
Kwenye matundu yote manne
Ukara ilikuwa inapumua.

Kwa hilo, nikamwambia, nta sina.