Kwenye Stakabadhi ya Tumbaku

Wiki mbili tangu mvua ya kwanza, na Sikonge
inanuka kama chungu kipya kilichotiwa maji.
Nimefunga ofisi ya chama cha msingi saa tisa,
nimebeba kisu, kikapu, na kitabu cha stakabadhi
kilichobakiwa na kurasa saba.
Sizya ametangulia. Hanisubiri.
Kwake msitu si mahali pa matembezi, ni ghala.

"Usitazame chini," ananiambia.
"Uyoga wa chini ni wa kila mtu.
Wa mitini ndio wenye maneno."

Basi natazama juu, najikwaa, natazama juu.

Kwenye gogo la mninga lililoungua mwaka juzi
kuna visahani vyekundu, wekundu wa pilipili ya anikoni,
vigumu kama soli.
Nakigeuza kimoja: chini hakina kurasa, kina vitundu
vidogo hata sindano ingesita.
Naandika: gogo, rangi, vitundu, harufu hakuna.
Sizya anacheka. "Umesahau kuandika kwamba hauliwi."
"Umejuaje?"
"Ungekuwa unaliwa, ungeukuta?"

Kwenye tawi la mkora, masikio.
Haya nayajua. Laini, ya kahawia, yamebandikwa kwa upande.
Jua likiwaka hujikunja, yamechoka na umbea;
ikinyesha, yanafunguka,
tayari kuanza upya.
Tunachuma viganja viwili.

Kisha kisiki, na juu yake kundi jeupe limebanana
kama watoto kwenye dirisha la harusi.
Hawa wana kurasa, wana pete shingoni.
"Kwetu tunaula," anasema Sizya, tayari amepiga magoti.
Anauvunja, anaunusa, anautazama mvunjiko.
Anakitazama kisiki.
"Wa kwetu huota kwenye mtundu. Hiki ni kisiki cha nini?"
Hakina gome, hakina jani la kutoa ushahidi.
"Una uhakika lakini?"
"Mjomba Kapela naye alikuwa na uhakika."
Akaurudisha alipouvunja, kipande juu ya kipande,
akafuta mikono kwa majani, kidole kimoja kimoja.
Hatukusemezana mpaka tulipovuka mbuga.

Ng'ambo ndipo ulipo muyombo wa marehemu mumewe,
na mzinga wa gome aliouning'iniza mwenyewe.
Nyuki wanaingia, wanatoka.
Na usawa wa kifua changu, shinani,
rafu moja, pana kama ungo wa mtoto,
inang'aa kana kwamba kuna mtu huja kuipaka vanishi,
ukingo wake mweupe, bado unakua.
Nilifurahi, nakiri. Nilipiga kelele.
Nilipima kwa shubiri: moja na nusu.

Sizya hakuutazama uyoga.
Aliweka sikio kwenye gome,
akagonga kwa mpini wa kisu, hapa, hapa, na hapa.
Mlio ulikuwa wa ngoma.
Juu majani yalikuwa kijani, yote, mengi, hayana habari.

"Umeliwa moyo," akasema,
"na mlaji ametundika kibao mlangoni."
Kisha akaanza kuhesabu kwa sauti:
jioni ipi haina mwezi, kamba ya nani ni ndefu,
mti gani jirani unaweza kubeba.

Usiku nilikilaza kipande cha rafu ile, vitundu chini,
nusu juu ya karatasi nyeupe, nusu juu ya kaboni,
maana kuna uyoga unaoandika kwa wino mweupe,
nikafunika kwa bakuli.
Asubuhi: vumbi la rangi ya kutu
upande mweupe, limetulia, halina haraka.

Nikajaza stakabadhi.
Mkulima: sijui.
Mti: muyombo hai, upande wa magharibi.
Uzito: haukupimwa.
Daraja: la kwanza.
Penye jina niliacha wazi, nikaweka tarehe.

Nakala ya njano nilimpa Sizya.
Ameifungia chumvi.