Tunda: Halikuonekana

Binti aliyenifungulia kabati aliitwa Sikujua,
Sikujua Chengula, wa Makete, na alijua kila rafu.
Alipangusa vumbi kwa kiganja,
akaniwekea mezani tawi la kichaka
lililokauka miaka thelathini na nne.

Chini, upande wa kulia, mwandiko wa baba yangu,
herufi zimelala kama mtama baada ya mvua ya mawe:

*Kichaka, mita mbili na nusu. Miamba, udongo mwekundu,
juu ya njia ya Nduli, Iringa.
Majani mawili mawili, yanatazamana, magumu, yanang'aa.
Utomvu mweupe. Miiba jozi.
Ua jeupe ndani, waridi nje, petali tano,
kila moja imemlalia mwenziwe kuliani.
Harufu: asmini.
Tunda: halikuonekana.*

Asmini baba hakuwahi kuiona.
Harufu hiyo aliiazima kwa Dokta
kama alivyoazima buti.

Nyumbani tuliuita tu ule-wa-miiba.
Watu wa pwani nao wana jina lao;
baba alilitaja mara moja, kwa sauti ya chini,
mama akaacha kupepeta.

Nyuma ya jalada kuna ramani.
Nukta Senegali. Nukta Uhabeshi.
Zinavuka maji mpaka milima ya Yemeni,
zinaingia Uhindi, zinakwenda kufia Vietinamu,
na huku kusini zinashuka mpaka ng'ambo ya Limpopo.
Safari yote hiyo, mmea usio na mguu,
umepanda tumbo la shore, umeshukia popote,
katika kinyesi chenye mbegu.

Baina ya nukta na nukta, weupe.
Nikamwonyesha Sikujua: hapa, kabla ya kufika Mafinga,
ramani haina kitu,
nami nimeona mazizi ya mbuzi
yaliyozungushiwa kichaka hikihiki, fisi hapiti.

Akacheka. "Weupe si kwamba haupo, dada.
Weupe ni kwamba hakuna aliyekwenda.
Nukta ni mahali mtu aliposimama na penseli."

Basi nikainamia nukta yetu,
ndogo, kama inzi ametua akaondoka,
na ndani yake nikamkuta Longino Mhapa
amepiga goti moja, presi ya mbao mgongoni,
mikanda imemkata mabega,
anatandaza gazeti la wiki iliyopita
ili ua lilale juu ya bei ya pareto.

Mimi nina miaka sita. Shule imefungwa kwa surua.
Niko upande wa pili wa kichaka.

Yalikuwepo.
Yalikuwa kumi na moja; niliyahesabu
kwa kuwa ndiyo kwanza nilikuwa nimejua kuvuka kumi.
Mekundu yanayoelekea weusi, ngozi laini,
mbegu bapa, mbili, tatu, mara nne.
Mawili mabichi yalinigandisha midomo kwa ulimbo.
Mwiba ulinichoma hapa. Sikulia, ningesikika.

Baba alizunguka na futi yake.
Alipekua tawi kwa tawi, akainua jani kwa jani.
Kisha akanitazama.
"Toa ulimi."
Nikautoa, zambarau mpaka kooni.

Angeweza kuandika: yameliwa.
Angeweza kunichapa, Dokta alilipa kwa kila sampuli kamili.
Alilamba ncha ya penseli,
akaandika kama mtu anayefunga mlango polepole
mtoto asiamke.

Na hakusema uongo. Yeye hakuliona.

Sikujua aliniambia masahihisho yanaruhusiwa:
kikaratasi hubandikwa chini, na tarehe, na jina;
ya kwanza hayafutwi kamwe.
Akanipa kalamu, akaenda kufunga madirisha,
ukungu ulikuwa unaingia.

Nilikaa muda.
Nikaandika jina la baba, halafu langu.

Nikaandika: *Kumi na moja. Mawili mabichi.*