Kengele ya Jokofu

Mimi ndiye ninayefungua bahasha
katika ofisi ya wahitimu, ghorofa ya pili, Saskatoon,
dirisha langu likitazama mto ulioganda.
Wenye nazo hutuma kupitia benki, kimya kimya, sufuri zimejipanga.
Orest Pawluk wa Yorkton huandika kwa mkono:
hundi ya dola mia mbili na arobaini,
kila Novemba, tangu kabla sijaajiriwa,
na chini yake maneno yaleyale:
Ni ya kengele. Si ya karamu.

Nasi humjibu kwa barua ya kompyuta,
“Mhitimu wetu mpendwa,”
naye huturudishia barua yetu
neno mhitimu amelipiga mstari,
kwa rula.

Nikachimba faili lake.
Mwaka wa sabini na sita, wa nne wa uzamivu,
jokofu la maabara lilizimika Ijumaa Kuu.
Jumanne alipofungua mlango
damu ya ng’ombe mia tatu ilikuwa mchuzi.
Maji yakimwagika hayazoleki;
barafu nayo ikishayeyuka
hairudi tena kuwa ushahidi.
Akaenda zake kuuza vipuri vya mashine za kuvunia ngano.
Hakuna aliyemfuata. Faili linaishia hapo,
kwenye kibanio chenye kutu.

Ukutani, nje ya mlango wangu, tumetundika majina:
nani kapata tuzo, nani kachapisha,
nani kaenda Zurich na bango lake kwapani.
Mimi ndiye ninayeyapangusa vumbi.
Ukuta hausemi seli zilikufa mara ngapi.
Hausemi nani alilia ngazini, bakuli la tambi mkononi,
wala hausemi lolote juu ya kijisanduku cheupe,
kidogo kama kiberiti,
kilichogandishwa kwa gundi ubavuni mwa jokofu,
kinacholipiwa kila mwaka
dola mia mbili na arobaini.

Januari hii, nje nyuzi hasi thelathini na tisa,
na ndani tukilipia umeme kutafuta baridi kali zaidi,
saa tisa usiku simu ya Raelene Wapass ililia.
Akavaa buti za kaka yake, koti juu ya nguo za kulalia.
Gari likakataa.
Akakimbia mitaa sita, kope zikigandana.
Jokofu lilikuwa hasi sitini na moja, na linapanda.
Vichupa elfu moja mia moja na arobaini,
vipande vya figo za panya,
miaka mitano na nusu ya ujana wake,
alivihamisha rafu kwa rafu
na mlinzi wa zamu, Bwana Dhaliwal,
ambaye hakuuliza hata ni vya nini.

Mei akatetea tasnifu.
Swali moja la takwimu lilimkwamisha; akasema, “Sijui,”
na mtahini mkali kuliko wote akatikisa kichwa kwa kuridhika.
Jina lake liko ukutani, la tatu kutoka juu,
limekaa upande kidogo. Nitalinyoosha.

Anwani ya Yorkton nilimpa mimi.
Kanuni haziruhusu.
Hakuandika shukrani ndefu. Alichapisha mchoro wa joto la usiku ule:
mstari umelala, halafu kilima,
halafu mstari umelala tena.
Kileleni akaandika kwa penseli:
Hapa ndipo ulipoingia.

Novemba imefika, na hundi yake:
dola mia mbili na hamsini.
Kumi za nyongeza, asema, ni za buti.
Mchoro ameubandika kwenye friji la jikoni,
na mkewe kila siku anamuuliza
mlima ule uko nchi gani.

Barua yetu ya kompyuta imo ndani ya bahasha, kama kawaida,
neno mhitimu limepigwa mstari,
ila safari hii bila rula:
mstari umepinda,
na neno linasomeka.