Vijiko Sita

Ghorofa ya nne, Mlaleo. Lifti haikuwekwa kamwe,
tundu lake lilijengwa, likajazwa magodoro mabovu.
Napanda na mkoba begani; mzani wa kuning'iniza
unanigonga pajani kila ngazi, kama mtoto
anayetaka kubebwa.

Bi Mwanamvua ananipokea kwa jicho moja,
la pili li kwenye sufuria.
"Karibu, sista. Vua viatu. Yuwalala."
Nani alalaye, hasemi.

Mtoto hana jina bado.
Kadi ya kliniki inamwita Mtoto wa Nyevu,
kazaliwa kabla ya siku zake.
Madirisha yamefungwa, feni imevishwa leso,
maji ya kukandia yamepoa ndooni.
Naosha mikono hadi viwiko. Bi Mwanamvua
anayatazama maji yakienda: dumu ni shilingi thelathini.

Kitovu nakiangalia kwanza, kabla ya uso.
Kikavu. Siku ya tatu tuligombana juu ya jivu.
Aliniambia amelea saba kwa jivu hilo,
nami sikumwuliza amezika wangapi.
Alinyamaza kana kwamba nimeuliza.
Jivu likabaki jikoni.

Kisha Nyevu. Amegeukia ukuta.
Nywele zimesokotana kwa jasho la siku tisa,
titi la kushoto linavuja, fulana imelowa,
naye hajali, kama bomba la jirani.
"Unalala?"
"Nafumba macho tu."
"Unakula?"
"Naletewa."
Maswali mengine yako kwenye fomu, yana visanduku.
Naisukuma fomu chini ya mkoba,
naomba mafuta ya nazi na kitana.

Nachana polepole, kuanzia nchani.
Nilipofika utosini akasema, si kwangu:
"Nikimshika, naogopa atavunjika.
Nikimwacha, naogopa atakoma."

Sina jibu la haraka.
Namvua mtoto, namtundika mzanini.
Analia kilio chembamba, mshale unatetemeka, unatulia.
Kisha namlaza kifuani pa mamake, ngozi kwa ngozi,
nepi na kofia tu, na kwa kuwa sioni nguo nyingine
naivua feni leso yake, nawafunga pamoja.
Feni inabaki uchi. Bi Mwanamvua anaionea haya.

"Ameongeza gramu thelathini tangu juzi."
"Thalathini ndiyo nini? Hiyo si bei ya dumu la maji?"

Naomba kopo la sukari.
Nampimia kiganjani, kijiko cha chai, kimesawazishwa kwa kidole:
kimoja, viwili. Anataka kucheka. Vitatu.
Cha nne hacheki tena.
Sita.
Anafumba ngumi, anaipandisha, anaishusha,
anaitazama leso pale inapovimba na kunywea.
"Hii yote?"
"Yote."
"Kwa maziwa ya huyu huyu?"

Hairudishi koponi.
Anaimimina kwenye uji wa pilipili manga, anakoroga,
anakaa ukingoni mwa kitanda, anapuliza,
na kumwambia mkazamwanawe, kwa ukali wake ule ule:
"Haya, fungua kinywa."

Nina nyumba nne zaidi kabla ya alasiri.
Ghorofa ya pili naikumbuka fomu, visanduku vitupu.
Naegemea magodoro, natafuta kalamu.
Hali ya mama:
hakuna kisanduku kinachofaa.
Naandika pembeni, kwa herufi za kubanana,
amekula, amechanwa,
mkono wake wa kulia uko mgongoni mwa mtoto.