Kipa wa Ghalani

Saa sita ikigonga, bando la usiku likifunguka,
nawasha simu yangu yenye ufa kama wa kisigino,
naiegemeza kwenye gunia la daraja la kwanza,
napunguza sauti hadi iwe ya mbu.
Ndipo mwanangu anatokea.

Mubashara, wanasema.
Mfaume wa Luchindu, miaka kumi na tisa,
kakalia ndoo ya rangi iliyofunikwa kanga ya mamake,
mbele ya kompyuta ya mtumba aliyoifuata Masasi
kwa hela ya salfa: msimu mzima akipulizia mikorosho ya watu,
akikohoa manjano.
Anacheza mpira usio na vumbi.
Wachezaji wake hawaoni kiu,
nao wako Newala.
Pembeni, kidirishani, uso wake,
na chini ya uso, tarakimu:
watazamaji kumi na mmoja.

"Timu imetimia," hutania. "Nani kipa leo?"

Kipa ni mimi.
Hajui.
Jina langu humo ndani ni Rungu Saba.
Alinisajili kijana wa mizani, pale chama cha msingi,
akacheka: "Mzee, unataka kutazama nini?"
Nikamwambia, bei za mnada.

Gemu lenyewe silijui.
Sijui vitufe vinne vinazaaje mabao,
wala kwa nini mtu wa Kigoma akeshe
kumtazama mwenzake akicheza.
Lakini sauti ile.
Nyumbani Mfaume ana maneno matatu:
shikamoo, ndiyo, baadaye.
Humu anamwagika kama korosho gunia likitoboka.
Anawauliza watu asiowaona wamekula nini.
Anambembeleza mmoja wa Tunduru aliyefukuzwa chuo.
Na usiku mmoja, akingoja mechi ifunguke, akasema:
"Mzee wangu analinda ghala.
Analinda korosho ambazo hata gunia moja si lake.
Akirudi asubuhi ananuka juti,
nami najifanya nimelala,
maana sijui nimwambie nini mtu aliyekesha."

Nikazima tochi.
Sijui kwa nini nilizima tochi.

Jumanne ile upepo ulipanda kutoka Shimo la Mungu,
unang'ata masikio.
Mbili kwa mbili, dakika ya themanini na tisa,
mpira uko kwa Mfaume, anakwenda nao, anakwenda.
Nikainua macho kidogo tu, kazi ni kazi,
nikaona Luchindu nzima inazimika.
Taa ya msikiti, ya kwa Bi Nanjota, yetu.
Weusi tii.

Mkononi mwangu bado anakimbia.

Kijana wa mizani aliwahi kunieleza:
mubashara si mubashara hasa, mzee,
picha nayo ina safari.
Nikahesabu.
Moja. Anamlamba chenga beki.
Mbili. Anacheka, na lile jino lake la pembeni.
Tatu, nne. "Rungu Saba, kipa wangu, uko macho?"
Kule nyumbani yuko gizani tayari, anapapasa kibiriti;
huku ananiita.
Tano. Kidole changu, kilichozoea firimbi, kinatafuta herufi.
Sita. *Nipo.*
Saba. Anainua mguu

na pakaganda.

Watazamaji kumi na mmoja. Tisa. Wanne.
Mmoja.
Neno langu limekaa chini ya uso wake,
kinywa wazi, mguu wa yule mchezaji hewani.
Nilikaa nao mpaka chaji ikaisha.

Asubuhi nikaingia na madumu mawili ya maji.
Kalala, kageukia ukutani,
anapumua kwa mpangilio mno.
"Umeme ulikatika," nikasema, nikivua viatu.

"Ndiyo."

Nikaning'iniza koti. Nikatafuta kandambili.
Kisha, kwa kuchelewa kidogo, kutoka ukutani:
"Ile ilikuwa inaingia, mzee."